Muto na Muta: jinsi ya kusoma rekodi ya mwanamieleka mmoja wa Japani mwenye majina mawili

Septemba 28, 2008, mjini Yokohama, The Great Muta alimwangusha Suwama na kutwaa Triple Crown, ubingwa mkuu wa kampuni ya All Japan. Wakati huohuo mkanda wa IWGP, ubingwa mkuu wa kampuni pinzani ya New Japan, ulikuwa kiunoni mwa Keiji Muto, aliyeunyakua Aprili 27 mwaka uleule kwa kumpiga Shinsuke Nakamura. Ukisoma orodha za mabingwa utaona majina mawili. Ukiangalia picha utamwona mtu mmoja wa miaka 45, kipara, mwenye magoti yaliyokwisha.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Rekodi yake kuu ya Marekani iko chini ya jina moja, ya Japani imegawanywa katika mawili, na mapambano yaliyompa sifa duniani yalichezwa ndani ya kipindi kisichozidi mwaka mmoja hivi. Ili kuelewa ilikuwaje, lazima kwanza kujua jinsi Wajapani wanavyowatuma wanamieleka wao nje, wanarudi na nini, na nani anaruhusiwa kumshinda nani katika nchi ipi.

Neno moja kuhusu mchezo wenyewe. Katika mieleka ya kulipwa mshindi anajulikana kabla ya kengele kulia. Maumivu ni ya kweli, na mikanda nayo si pambo tupu: promota anapompa mtu ubingwa anaweka dau kwamba jina hilo litauza tiketi. Kwa hiyo rekodi ya ushindi na vipigo isomwe kama daftari la biashara. Inaonyesha nani alimwamini nani, wapi, na kwa makubaliano gani.

Kutumwa nje

Muto alizaliwa Desemba 23, 1962, Fujiyoshida, chini ya mlima Fuji. Alitokea kwenye judo, akaingia New Japan mwaka 1984 pamoja na Masahiro Chono na Shinya Hashimoto, vijana ambao baadaye waliibeba kampuni hiyo muongo mzima. Pambano lake la kwanza lilikuwa Oktoba 5, 1984, na aliyesimama upande wa pili ni Chono, naye akipanda ulingoni kwa mara ya kwanza. Mwaka ule ulikuwa mchungu kwa New Japan lakini mtamu kwa vijana: Akira Maeda na wenzake walikuwa wameondoka kuanzisha kampuni yao, UWF, na Riki Choshu akaondoka na kundi lake miezi michache baadaye. Viti vilibaki wazi.

Kwa desturi, kijana wa New Japan hulala kwenye bweni la mazoezi lililoko Noge, Setagaya, jijini Tokyo. Anapika, anafua, anafagia, anapiga skwati kwa mamia. Ulingoni anavaa chupi nyeusi na buti nyeusi, hana jina la kisanii, hana rangi, na anaruhusiwa mbinu chache za msingi tu. Hushindwa karibu kila usiku. Akishaiva kidogo, kampuni humtuma ng'ambo kwa miezi kadhaa au miaka. Wajapani huiita safari hiyo ensei. Inamwondoa machoni pa mashabiki waliozoea kumwona akipigwa, na inamlazimisha kuushika ukumbi wa watu wasioelewa hata neno moja la lugha yake. Akirudi, anatarajiwa arudi mtu mwingine kabisa: mwili mwingine, mavazi mengine, pigo jipya la kumalizia.

Mwishoni mwa 1985 Muto alipelekwa Florida. Wakati ule mieleka ya Marekani ilikuwa bado ya kikanda: promota mmoja, televisheni ya eneo, miji ileile kila wiki, safari ndefu za gari. Ni shule ngumu. Ukicheza mbele ya watu walewale kila wiki huwezi kumaliza ugomvi usiku mmoja. Unajifunza kuacha deni ili warudi wiki ijayo. Walimpa jina la White Ninja, kwa sababu sinema za ninja zilikuwa zimejaa kila mahali, na akafika hadi kuushika ubingwa wa Florida.

Alirudi Japani mwaka 1986, na mpango ukaharibika. Kampuni ilimvika mavazi ya kung'aa, ikampa kofia ya chuma na kumtangaza kama Space Lone Wolf, mbwa mwitu wa anga za juu. Mashabiki hawakumpokea. Sababu yake inaonekana wazi ukiangalia kalenda: mwaka huohuo Maeda na watu wa UWF walikuwa wamerudi New Japan na mateke mazito na kabali zilizoonekana kama ugomvi wa kweli. Mbele yao kijana mwenye kofia ya anga alionekana mwepesi. Kosa la pili lilikuwa la kampuni. Mhusika yule hakutokana na chochote Muto alichokifanya Florida, bali alibuniwa ofisini Tokyo. Ensei hufaulu pale mtu anaporudi na kitu kilichokwishajaribiwa mbele ya watu na kikakubalika.

(Kosa la namna hiyo linaweza pia kutokea ng'ambo. Kazuchika Okada, aliyekuja kuwa nguzo ya New Japan miaka ya 2010, alitumwa kampuni ya TNA ya Marekani, na huko mwaka 2011 wakamgeuza msaidizi wa kuvaa kinyago cheusi cha macho kwa jina la Okato. Hakukuwa na cha kubeba kurudi nacho. Alirudi Januari 2012 na mhusika mpya kabisa, na Februari 12 mwaka huohuo akawa bingwa wa IWGP. Safari hii ofisi ilipatia.)

1989

Mwaka 1988 Muto alitumwa tena, kwanza Puerto Rico, kisha Dallas, Texas. Sasa ninja wake alikuwa mweusi. Dallas alikutana na Gary Hart, meneja mzoefu wa kuongoza maadui, aliyekuwa amemwongoza The Great Kabuki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabuki, Mjapani aliyepaka rangi usoni na kupuliza ukungu wa kijani kutoka mdomoni, alikuwa ndiye asili ya vitu ambavyo leo watu wengi wanadhani vilibuniwa na Muta. Hart alipohamia kampuni iliyojulikana baadaye kama WCW, iliyokuwa imenunuliwa na Ted Turner mwishoni mwa 1988, alikwenda na kijana wake. Akamtangaza kama mtoto wa Kabuki. Hawakuwa na udugu wowote. Herufi moja ya jina la ukoo ikabadilishwa, na kwenye skrini akatokea The Great Muta.

Hata hilo "The Great" lilikuwa na historia. Tangu baada ya vita kuu ya pili, promota wa Marekani walikuwa wakimtumia Mjapani kama adui wa kudumu: anainama kwa heshima, kisha anakurushia chumvi machoni. Great Togo, mmoja wa waliovuma zaidi, alizaliwa Oregon, Marekani. Muto aliingia ndani ya kiatu kilekile, ila aliweka ndani yake mguu wa aina nyingine.

Alikuwa na urefu wa sentimita 188 na uzito uliotangazwa wa karibu kilo 110. Watu wa umbo hilo hawakuwa wakiruka. Yeye alipinduka kwa mikono kama mwanasarakasi na kumgonga mpinzani kwa kiwiko kwenye kona, akadondoka na kiwiko kifuani mwa aliyelala kwa kasi ya kushtukiza, kisha akapanda kamba na kupinduka kinyumenyume. Wala hakuhitaji kuzungumza. Tatizo la Kiingereza, lililowakwamisha Wajapani wengi kabla na baada yake, lilitatuliwa kwa Hart kushika kipaza sauti naye kusimama pembeni kimya. Na badala ya televisheni ya mkoa mmoja, alionekana nchi nzima kupitia kituo cha TBS.

Hapo likatokea jambo ambalo halikupangwa: adui akaanza kushangiliwa kama stelingi. Julai 23, 1989, Baltimore, alipambana na Sting, stelingi wa kampuni, kugombea ubingwa wa televisheni. Pambano likaisha kwa utata kuhusu nani alihesabiwa, mkanda ukazuiwa, na Septemba ukaishia kwake. Oktoba 28, Philadelphia, alikuwa ndani ya wavu wa chuma na Terry Funk dhidi ya Ric Flair na Sting. Majina hayo matatu yalikuwa kilele cha kampuni. Kijana wa miaka 26 aliyekuwa White Ninja miaka mitatu nyuma alikuwa wa nne wao.

Sasa njoo Desemba 13, Atlanta, kwenye Starrcade, onyesho kubwa la WCW la kila mwaka. Wanamieleka wanne, kila mmoja acheze na kila mwenzake kwa pointi: Flair, Sting, Lex Luger na Muta. Muta alishindwa mapambano yote matatu, akamaliza na sifuri. Januari 1990 akaupoteza mkanda wa televisheni kwa Arn Anderson. Msomaji wa rekodi anaweza kusema alianguka. Hapana. Alikuwa njiani kurudi nyumbani, na desturi ya kazi hii ni kwamba anayeondoka huacha ushindi wake kwa wanaobaki. Rekodi ya mwisho ya mwanamieleka wa kigeni katika nchi yoyote karibu kila mara ni mbaya, na karibu kila mara haimaanishi chochote kuhusu uwezo wake.

Ukungu, na kupinduka kinyumenyume

Vitu viwili alivyotoka navyo Marekani vinahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kimoja kilimjenga na cha pili kilimvunja.

Ukungu kwanza. Njia inayotajwa sana miongoni mwa wanamieleka ni maji yenye rangi ya chakula yaliyofungwa kwenye kifuko chembamba cha mpira. Kifuko huwekwa mdomoni kabla ya kuingia au hutolewa mafichoni katikati ya pambano, hupasuliwa kwa meno, kisha rangi hupulizwa kwa midomo iliyobanwa na pumzi ya tumboni, kwa mpigo mmoja. Midomo ikilegea yanatoka matone na mtiririko badala ya ukungu, na ukumbi unacheka. Kifuko kikipasuka mapema, rangi inavuja kwenye kidevu kabla ya wakati na kila mtu anajua kinachokuja. Mwanamieleka anayepulizwa naye ana kazi: afumbe macho sekunde ileile, kisha ashike uso. Mwamuzi lazima awe amegeuka, la sivyo angelazimika kumwondoa mchezoni. Wakati wa kuingia Muta alipuliza juu, kwenye mwanga wa taa, ili rangi ionekane hadi viti vya nyuma. Katika pambano alipuliza usawa wa macho. Kijani na nyekundu ndizo zilizotumika zaidi, na kwenye hadithi kila rangi ilipewa ukali wake.

Kupinduka kinyumenyume, munsolti, ni habari nyingine. Mpinzani amelala chali karibu na kona. Muto anapanda hadi juu ya kamba ya tatu akiwa ameupa ulingo mgongo. Anachuchumaa kidogo, anasukuma kwa miguu yote miwili, kifua kinafunguka juu na kichwa kinarudi nyuma; mwili unazunguka robo tatu ya duara na kutua kifudifudi juu ya aliyelala. Aliyelala hunyoosha miguu, hukaza tumbo, hugeuza uso pembeni na kuinua mikono kidogo kumpokea. Msukumo ukiwa mdogo, mzunguko haukamiliki na anayeruka anatua kwa kichwa. Ukizidi kwenda nyuma, anampita mwenzake na kupiga mbao.

Lakini tatizo la Muto halikuwa kukosea. Alipofanya sawasawa ndipo alipoumia. Ili kilo 110 zisimponde mwenzake, uzito hupokelewa na mikono na magoti yanayogusa ulingo sekunde hiyohiyo. Na ulingo ni mbao juu ya vyuma, na juu yake tabaka jembamba la sponji na turubai. Munsolti yake ilikuwa ya kasi na bapa kuliko za wengine. Ndiyo iliyoifanya ipendeze, na ndiyo iliyopeleka kishindo chote kwenye magoti. Zidisha hilo kwa usiku mwingi kwa mwaka, miaka na miaka. Machi 2018 alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa viungo bandia katika magoti yote mawili, na madaktari wakampiga marufuku kuruka.

Kurudi, na kanuni ya majina mawili

Aliporudi mwaka 1990, New Japan haikumrudisha Muta. Aprili 27 alipanda ulingoni kama Keiji Muto, stelingi wa nyumbani, na pamoja na Chono akatwaa mikanda ya IWGP ya wawili wawili. Muta alisubiri hadi Septemba, na pambano lililomtambulisha kweli ni lile la Hiroshima dhidi ya Hiroshi Hase, ambamo alionyesha ukatili ambao Muto asingethubutu. Baada ya hapo kanuni ikaeleweka. Muto ni ufundi, kabali na heshima. Muta ni rangi, ukungu, silaha na damu. Hawachanganywi katika usiku mmoja isipokuwa mchanganyiko huo ndio hadithi yenyewe.

Kibiashara lilikuwa jambo la akili. Wajapani walikuwa wakinunua bidhaa iliyotengenezwa Marekani kutokana na picha ambayo Wamarekani walikuwa nayo juu ya Japani. Kampuni ilipata wanamieleka wawili kwa mshahara mmoja, na ilimtumia Muta kwa uchache ili asichuje. Mwanamieleka wa Tokyo alipohitaji kushindwa na mgeni mkubwa bila kuchafua jina lake la nyumbani, Muta alikuwepo kupokea kipigo: Mei 3, 1993, Fukuoka, Hulk Hogan, wakati huo bingwa wa WWF, kampuni pinzani ya WCW huko Marekani, alimshinda Muta na si Muto. Mei 1, 1994, Antonio Inoki, mwanzilishi wa New Japan, alimshinda Muta vilevile.

Kwa hiyo ukihesabu mataji, jumlisha. Ubingwa wa IWGP aliushika mara nne: mara moja kama Muta, alipomshinda Choshu Agosti 16, 1992, na mara tatu kama Muto, mwaka 1995, 1999 na 2008. Orodha nyingine huonyesha jina moja tu na kukuacha na hesabu pungufu.

Sehemu yenye fundo zaidi ni ile ya kuvuka mipaka, na mfano bora ni majira ya baridi ya 1992 na 1993. New Japan na WCW walikuwa na ushirikiano, na waliufufua pamoja ubingwa wa dunia wa NWA, muungano wa zamani wa promota wa mikoa. Chono aliutwaa Tokyo Agosti 1992. Desemba 28, Atlanta, kwenye Starrcade, Chono aliutetea dhidi ya Muta na kushinda. Usiku huohuo, saa chache baadaye, Muta aliyekuwa ameshindwa akashinda BattleBowl, pambano la kutupana nje lililokuwa tukio kuu. Wiki moja baadaye, Januari 4, 1993, Tokyo Dome, Muta akamshinda Chono na kuushika ubingwa wa NWA akiwa bado na wa IWGP. Februari 21, Asheville, North Carolina, akaupoteza kwa Barry Windham.

Ukitazama kama michezo ya kawaida, huo ni mkanganyiko: anashindwa, anashinda, anashinda tena, anashindwa. Ukitazama kama biashara, kila kipande kinaingia mahali pake. Mkanda usingebadilishwa Atlanta mbele ya Wamarekani ambao wengi wao hawakumjua Chono, wakati Tokyo Dome ilikuwa inasubiri wiki moja mbele. BattleBowl, kwa maoni yangu, ilikuwa fidia: ilimtuma Muta Tokyo akiwa na ushindi mkubwa mkononi badala ya kipigo. Na Asheville ilikuwa marejesho, Wamarekani wakichukua zamu yao. Angalia pia mechi ya Machi 21, 1991, Tokyo Dome, Muta alipomshinda Sting: Sting alikuwa mgeni usiku ule.

Katikati ya hayo, Desemba 14, 1992, Osaka, alicheza tena na Hase na kuvuja damu kiasi kwamba mashabiki walitengeneza kipimo, Muta Scale, kinachoanzia 0.0 hadi 1.0. Moja kamili ni damu ya Muta usiku ule. Mapambano mengine yote hupimwa dhidi yake. Sioni cha kujivunia humo, lakini ndiyo sehemu ya jina lake inayotajwa hata na watu wasiowahi kumwona akicheza.

Muto naye hakukaa bure. Oktoba 9, 1995, Tokyo Dome, mbele ya watu 67,000 waliotangazwa, alimlazimisha Nobuhiko Takada, nyota wa UWF International, kusalimu amri. Silaha zake zilikuwa mbili. Dragon Screw: unadaka mguu wa anayepiga teke, unaukumbatia kifuani na kujiviringisha kwa ndani, naye asipojirusha kuufuata mviringo, goti linasokotwa. Kisha kabali ya miguu ya namba nne, ileile ya Ric Flair, ambayo Japani ilikuwa imekuwa mbinu ya kizee. Watu wa UWF waliitangaza mieleka yao kuwa ndiyo ya kweli na mbinu za aina hiyo kuwa sarakasi. Kumwangusha kiongozi wao kwa mbinu ya Flair lilikuwa tusi lililopangwa kwa makini.

Mara ya pili Marekani

Mwaka 2000 alirudi WCW, na haikwenda. Kampuni ilikuwa inaporomoka, hadithi zilibadilishwa kila wiki, naye alikuwa na miaka 37 na magoti mabovu. Agosti 13, Vancouver, alitwaa mikanda ya wawili wawili pamoja na Vampiro. Wakaipoteza siku iliyofuata. Mwaka 1989 alikuwa na meneja, adui mkubwa na nafasi ya kila wiki. Mwaka 2000 alikuwa na jina tu. Machi 2001 WCW ikauzwa kwa WWF.

Alirudi Japani amenyoa nywele zote na kuanza upya na Shining Wizard: mpinzani amepiga goti moja, unakuja mbio, unakanyaga paja lake kama ngazi na mguu mwingine unamfikia kichwani kwa goti. Paja lisipokazwa unateleza. Juni 8, 2001, alimshinda Genichiro Tenryu na kutwaa Triple Crown ya All Japan akiwa bado mtu wa New Japan, jambo ambalo miaka michache nyuma lisingewezekana. Giant Baba, mwanzilishi wa All Japan, alifariki 1999, na mwaka 2000 Mitsuharu Misawa aliondoka na karibu wanamieleka wote kuanzisha kampuni ya NOAH. Kampuni ilihitaji sura. Mwanzoni mwa 2002 Muto alihamia huko na baadaye mwaka huo akawa rais wake. Kuanzia hapo ng'ambo kwake kulikuwa kwa wageni waalikwa na kwa wanafunzi: Sanada, aliyepita mikononi mwake, alitwaa mkanda wa X Division wa TNA mwaka 2014.

Wahusika wote wawili walistaafishwa kwa zamu. Septemba 2022 Muta alitokea New York katika onyesho la AEW, kampuni ya Marekani, na kupuliza ukungu kumwokoa Sting. Januari 1, 2023, Nippon Budokan, alishindwa na Nakamura, aliyekuwa na mkataba wa WWE, kampuni iliyokuwa ikiitwa WWF. Kampuni hiyo kumruhusu mtu wake kucheza kwenye onyesho la NOAH ni jambo la nadra mno. Januari 22, Yokohama, Muta alicheza mara ya mwisho, Sting na Darby Allin wakiwa upande wake. Februari 21, Tokyo Dome, Muto alishindwa na Tetsuya Naito, nyota wa New Japan, kisha akamwita ulingoni Chono, aliyekuwa mezani kama mtangazaji, na kushindwa naye pia. Machi 31 WWE ilimwingiza kwenye jumba lake la heshima kwa jina la The Great Muta, akitambulishwa na Flair, ingawa hakuwahi kuwa na mkataba wa kucheza kwao.

Anayetaka kumtazama aanze na Sting wa Baltimore 1989, kisha Takada 1995, kisha Tenryu 2001. Hase wa 1992 aachwe kwa mwenye moyo mgumu. Halafu aruke hadi Februari 12, 2021, alipomshinda Go Shiozaki na kutwaa ubingwa wa GHC wa NOAH akiwa na miaka 58, na hivyo kuwa mtu wa tatu kushika IWGP, Triple Crown na GHC zote. Juni mwaka huohuo, dhidi ya Naomichi Marufuji, aliruka munsolti kwa magoti ya bandia licha ya marufuku ya madaktari, na akaupoteza mkanda. Unapotafuta video, andika majina yote mawili, na ukikosa kwa herufi za Kirumi jaribu 武藤敬司 kwa Muto na グレート・ムタ kwa Muta. Video nyingi za Japani zimehifadhiwa kwa herufi hizo, na utafutaji wa jina moja hauleti mapambano ya jina la pili.